Tanzia: Dame Patricia Routledge (1929–2025) na njia ndefu iliyomlea

Dame Patricia Routledge, mwigizaji wa Uingereza ambaye dunia ilimjua kwa jina la Hyacinth Bucket, alifariki dunia tarehe 3 Oktoba 2025 akiwa usingizini. Alikuwa na umri wa miaka 96. Alizaliwa kabla televisheni haijaingia majumbani mwa Waingereza, akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza kama mwigizaji wa kulipwa mwaka 1952, na hata alipovuka miaka 80 bado alikuwa akisimama mbele ya watu na kufanya kazi yake.

Kila aliyepata habari za msiba huu alimkumbuka Hyacinth, na ana haki. Lakini kipindi cha televisheni kilichompa jina hilo, Keeping Up Appearances, kilipoanza kurushwa Oktoba 1990, Patricia alikuwa na miaka 61, na nyuma yake kulikuwa na miaka 38 ya kazi. Miaka hiyo 38 ndiyo iliyomtengeneza. Ilimpitisha kwenye majumba ya michezo ya mikoani, kwenye nyimbo, kwenye Shakespeare, kwenye tamthilia zilizoanguka vibaya na kwenye nyingine zilizopigiwa makofi, na kwenye uhusika mdogo wa dakika chache ambao mtazamaji huusahau kabla hajalala. Tanzia hii ni ya mwanamke huyo, na ni ya njia hiyo pia. Yeye tumemzika. Njia iliyomlea ilikuwa ikikata roho taratibu kwa muda mrefu, na wengi hawakuitambua kama msiba.

Katherine Patricia Routledge alizaliwa tarehe 17 Februari 1929 huko Tranmere, mtaa wa mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Birkenhead ulikuwa mji wa bandari na wa kuunda meli. Baba yake alikuwa na duka la nguo za kiume. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto na ndege za Ujerumani zikaanza kuipiga miji ya Mersey kwa mabomu, familia ilijificha usiku kwenye chumba cha chini ya duka hilo. Wazazi wake hawakuwa maskini wa kutupwa, wala hawakuwa watu wa ukwasi. Walikuwa wenye duka, watu wa usafi, kanisa na kazi, waliojua hasa nani yuko ngazi gani katika jamii ya Kiingereza, kwa sababu kila siku walimpima kiuno na mabega mteja wa kila ngazi. Mtoto aliyekulia nyuma ya kaunta ile alisikia lafudhi zote: ya anayekopa, ya anayelipa taslimu, na ya anayejifanya analipa taslimu.

Alisoma shule za hapohapo Birkenhead, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Liverpool kusoma lugha na fasihi ya Kiingereza. Mipango yake ilikuwa ualimu. Alijiona siku moja akiwa mwalimu mkuu wa shule. Muziki ulikuwa wa kanisani na nyumbani, na sauti aliyojaliwa ilikuwa kubwa na safi, sauti ambayo ingeweza kumpeleka kwenye opera kama angetaka. Lakini akiwa chuoni aliigiza, na uigizaji ukamshika. Mwaka 1952 alijiunga na Liverpool Playhouse na kutokea katika A Midsummer Night's Dream akiwa Hippolyta, malkia mwenye maneno machache. Baadaye alikwenda kujinoa katika shule ya maigizo ya Bristol Old Vic.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana Liverpool Playhouse ndiyo mlango wa hadithi yote. Jumba hilo liko Williamson Square, katikati ya Liverpool, katika jengo la mwaka 1866, na tangu 1911 lilikuwa na kundi lake la kudumu la waigizaji. Rex Harrison alianzia hapo. Michael Redgrave alipita hapo katika miaka ya 1930, na Anthony Hopkins katika miaka ya 1960. Utaratibu wake ulikuwa ule uliokuwa ukifuatwa katika miji mingi ya Uingereza: waigizaji walewale, msimu mzima, mchezo mpya kila baada ya wiki chache. Asubuhi mnafanya mazoezi ya mchezo ujao, jioni mnaigiza mchezo wa sasa, na usiku mnarudi kwenye vyumba vya kupanga kukariri maneno. Wiki hii unakuwa mtumishi wa jikoni katika vichekesho, wiki chache mbele unakuwa mjane katika tamthilia ya huzuni, halafu Krismasi inafika na unaimba katika mchezo wa watoto.

Chipukizi alianzia chini kabisa. Alikusanya vifaa vya jukwaani, akakaa pembeni na kitabu cha mchezo kumkumbusha mkubwa wake aliyepotea maneno, akapata uhusika wa mistari mitatu, na akatazama. Kutazama ndiko kulikokuwa elimu. Kila usiku alimwona mwigizaji mzoefu akitamka sentensi ileile na kupata kicheko, kisha usiku wa pili akaivuta nusu sekunde zaidi na kukikosa. Hakuna darasa linaloweza kufundisha ile nusu sekunde. Hufundishwa na watazamaji waliolipa kiingilio, wenye kikohozi, wenye haraka ya basi la mwisho, ambao hawana sababu yoyote ya kukuonea huruma.

Patricia alitoka huko akiwa na vitu viwili ambavyo hakuviacha hadi kufa kwake: sikio la lafudhi, na heshima kwa mhusika. Hakuwa mwigizaji wa kumcheka mtu anayemwigiza. Alimwamini. Kama mhusika alikuwa na kiburi, basi Patricia alikishika kiburi kile kwa mikono miwili kama mali halali, na kicheko kikaja chenyewe.

London ilimpokea kwa upande wa nyimbo. Katika miaka ya 1950 na 1960 aliimba katika tamthilia za muziki za Waingereza, zenye sifa na zisizo na sifa, na alikuwa ameshaonekana pia katika Coronation Street mwaka 1961 akiwa Sylvia Snape, mwenye mkahawa. Mwaka 1966 alivuka bahari kwenda Broadway kwa mara ya kwanza. Mwaka 1968 alirudi New York katika Darling of the Day, tamthilia ya muziki ya Jule Styne kwa mashairi ya E. Y. Harburg, akiigiza Alice Challice, mjane wa Putney mwenye akili timamu na moyo mchangamfu, sambamba na Vincent Price. Tamthilia ilifungwa baada ya maonyesho 31. Hata hivyo wasimamizi wa tuzo za Tony hawakusahau walichokiona: Patricia alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia ya muziki mwaka huo, akiigawana na Leslie Uggams wa Marekani. Si jambo la kawaida mtu kuchukua tuzo kubwa kama hiyo kwa mchezo ambao haukumaliza hata miezi miwili.

Mwaka 1976 lilimfika jambo linalofanana na hilo, na kubwa zaidi. Leonard Bernstein na Alan Jay Lerner, majabali wawili wa muziki wa Marekani, waliandika 1600 Pennsylvania Avenue, tamthilia kuhusu Ikulu ya Washington na waliokaa humo, mabwana na watumishi. Patricia alipewa wake wa marais, wote, mmoja baada ya mwingine. Kilele chake kilikuwa wimbo mmoja unaofanyika siku Rais Rutherford Hayes anapoapishwa mwaka 1877, ambapo mke wa rais anayeondoka na mke wa rais anayeingia wanaimba pamoja, na Patricia aliwaigiza wote wawili peke yake. Aligeuka huku akawa Bi Grant, mwenye uchungu wa kuhama nyumba. Akageuka kule akawa Bi Hayes, mwenye hamu ya kuhamia. Sauti mbili, nyuso mbili, mabega mawili tofauti, na pumzi moja tu. Watazamaji walisimama na kushangilia katikati ya mchezo. Tamthilia yenyewe ilidumu maonyesho 7, na Bernstein, kwa masikitiko yake, hakuruhusu kundi lile lirekodi santuri. Kwa hiyo moja ya kazi kubwa kabisa za Patricia Routledge ilibaki kwa wale tu waliokuwa ukumbini siku zile.

Mtu mwingine angekata tamaa au angelalama. Yeye alirudi nyumbani na kuendelea na kazi. Mwaka 1980 alikuwa Central Park, New York, katika The Pirates of Penzance pamoja na Linda Ronstadt na Kevin Kline. Mwaka 1982 alikuwa katika kundi la kwanza kabisa lililoigiza Noises Off ya Michael Frayn pale Lyric, Hammersmith. Noises Off ni mchezo kuhusu kundi la waigizaji wanaozunguka mikoani na mchezo mbovu, milango ikiwagomea, mapenzi yakiwavuruga, na sahani za dagaa zikipotea jukwaani. Patricia alikuwa Dotty Otley, mwigizaji wa makamo aliyeweka akiba yake ya uzeeni katika safari ile. Nani angemjua mwanamke huyo kuliko yeye? Watu walivunjika mbavu, lakini ndani ya vicheko vile kulikuwa na ukweli kuhusu watu wanaozeeka katika vyumba vya kupanga, wakiendelea kuipenda kazi isiyowalipa vya kutosha.

Miaka miwili baadaye alikuwa Stratford na Royal Shakespeare Company, Malkia Margaret katika Richard III, akimlaani Antony Sher aliyekuwa akiruka jukwaani kwa magongo yake mawili. Mwaka 1988 aliigiza Bibi Kizee katika Candide ya Bernstein pale Old Vic, na akapata tuzo ya Olivier. Mtunzi ambaye kazi yake ilizikwa baada ya maonyesho 7 ndiye aliyempa ushindi huo miaka 12 baadaye.

Wakati huohuo waandishi watatu wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wamegundua kwamba sauti yao imepata mwenyewe. Wa kwanza ni Alan Bennett wa Leeds. Mwaka 1982 alimwandikia mchezo wa televisheni ambao mtu mmoja anaongea peke yake mbele ya kamera kuanzia mwanzo hadi mwisho. Miaka sita baadaye Bennett aliukuza mtindo ule ukawa Talking Heads, na Patricia akaigiza Bi Irene Ruddock katika A Lady of Letters.

Bi Ruddock ni mwanamke anayeishi peke yake na kazi yake ni kuandika barua za malalamiko. Analalamika juu ya soseji, juu ya mazishi, juu ya majirani. Kalamu yake ndiyo rafiki yake wa pekee. Anawashuku wazazi wa nyumba ya mbele kwamba wanamtesa mtoto wao, anaandika na kuandika, na mwisho inajulikana kwamba mtoto alikuwa mgonjwa na amefariki. Patricia anaipokea habari hiyo akiwa amekaa kwenye kiti, na uso wake haufanyi chochote kikubwa. Kinywa kinabaki palepale. Macho yanatafuta mahali pa kwenda na hayapati. Sekunde chache kabla tulikuwa tunamcheka, na sasa tunatamani tuombe radhi. Kisha Bennett anampeleka gerezani, na huko, kati ya wanawake wenye makosa makubwa kuliko yake, Bi Ruddock anapata kwa mara ya kwanza watu wa kuongea nao. Furaha ya Patricia katika dakika zile za mwisho ni moja ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kurushwa na BBC.

Wa pili ni Victoria Wood, aliyemwandikia Kitty katika kipindi chake cha 1985 na 1986. Kitty ni mwanamke wa Cheadle anayeiambia kamera maoni yake juu ya kila kitu, bila kuulizwa na bila shaka hata kidogo kwamba tunayahitaji. Uandishi wa Wood ulikuwa na mapigo kama muziki: jina la biskuti likikaa mahali pasipo pake, kicheko kinakufa. Patricia, aliyejifunza kuhesabu pumzi kwenye nyimbo, hakukosa pigo hata moja.

Wa tatu ni Roy Clarke wa Yorkshire, na huyo alileta Hyacinth.

Keeping Up Appearances ilirushwa na BBC kuanzia 1990 hadi 1995, misimu mitano, vipindi 44 pamoja na vile vya Krismasi. Wazo lake ni jepesi. Hyacinth Bucket ni mke wa Richard, mtumishi wa halmashauri ya mji, mtu mpole aliyechoka, aliyeigizwa na Clive Swift kwa uvumilivu wa ajabu. Hyacinth anataka aonekane mwanamke wa tabaka la juu. Jina la ukoo la mumewe, Bucket, maana yake ni ndoo, naye amelipinda hadi likasikika kama shada la maua. Ana dada tajiri, Violet, ambaye humtaja kila saa kwa sababu ya bwawa lake la kuogelea na Mercedes yake. Ana dada wengine wawili, Daisy na Rose, ambao angetamani wasijulikane kabisa. Wanakaa nyumba ya halmashauri pamoja na Onslow, mume wa Daisy, anayeshinda na fulana na bia mbele ya televisheni. Kwenye ua wao kuna gari bovu, na ndani ya gari kuna mbwa. Kila Hyacinth anapopita, mbwa anabweka, naye anarushwa kwenye majani ya uzio pamoja na kofia na mkoba wake. Patricia alikuwa amevuka miaka 60 wakati huo, na alijua hasa mguu upi utangulie ili anguko lile lichekeshe bila kumdhalilisha.

Mtazame anapomkaribisha Elizabeth, jirani yake, kunywa kahawa. Vikombe ni Royal Doulton, maua yamechorwa kwa mkono, na Hyacinth ameshavitaja mara mbili kabla kahawa haijamiminwa. Josephine Tewson, aliyekuwa Elizabeth, ana mikono imara kabisa nyumbani kwake. Akivuka kizingiti cha Hyacinth tu, inaanza kutetemeka. Patricia hafanyi chochote. Anakitazama kikombe kikitoka kwenye kisahani, kichwa kinainuka kidogo, tabasamu linabaki mahali pake huku macho yakijaa hofu ya kweli, na sauti inateremka ikawa tamu kupita kiasi. Kikombe kinadondoka kwa sababu ya ule utamu. Ukitaka kujifunza vichekesho, anza hapo: mmoja anatetemeka, mwingine anajizuia, na anayejizuia ndiye anayetuchekesha.

Tena msikilize anapoimba. Emmet, kaka yake Elizabeth, ni mtu wa muziki, na Hyacinth hawezi kumwona akipita nje bila kumtupia wimbo, akiamini kwamba ipo siku atampa nafasi jukwaani. Sauti inapaa, inayumba, inatua kando ya noti, na Emmet anakimbilia ndani. Mtu asiyejua kuimba angeimba vibaya tu, na kichekesho kingekwisha siku ya kwanza. Patricia alijua noti ilipo, ndiyo maana aliweza kuikosa kwa kipimo kilekile kila wiki. Na katika miaka hiyohiyo, kuanzia Desemba 1992, alikuwa National Theatre katika Carousel ya Nicholas Hytner akiwa Nettie Fowler, akiimba kwa dhati kamili wimbo wa kumfariji mjane kijana. Watazamaji waliokwenda wakimtarajia Hyacinth walikuta sauti iliyowaliza.

Kwa nini mwanamke huyu wa Kiingereza, mwenye matatizo ya vikombe na mikeka, alipendwa mbali na kwao? Mwaka 2016 BBC Worldwide ilitangaza kwamba Keeping Up Appearances ndicho kipindi ilichokiuza nje zaidi ya vyote, karibu mara 1,000 kwa vituo vya televisheni vya ng'ambo. Jibu langu ni kwamba kila jamii ina mtu anayewaficha ndugu zake wageni wakija. Kila mtaa una mwanamke anayepaza sauti simuni ili majirani wajue nani amempigia. Tunawacheka watu hao, na baadhi yetu ndio watu hao. Patricia aliongeza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye maneno: Hyacinth wake hakuwaacha ndugu zake. Aliona aibu, alijificha, alikwepa, lakini Onslow akipiga simu kwamba baba yao mzee ametoroka tena na kofia ya vita, Hyacinth alikuwa wa kwanza kuingia garini. Damu ni nzito kuliko maji. Bila hilo, angekuwa mwanamke wa kuchukiza.

Alikiacha kipindi mwaka 1995 kikiwa bado kinapendwa sana. Aliona mawazo yameanza kujirudia, na akaona heri aondoke watu wakiwa bado wanamtaka. Mwaka uliofuata, BBC ilipoadhimisha miaka 60 ya televisheni, watazamaji walimchagua kuwa mwigizaji wa kike wanayempenda kuliko wote. Naye alikuwa ameshahamia kwa Hetty Wainthropp, mke wa Lancashire anayefika miaka 60 na kuamua kuwa mpelelezi, akimtumia kijana aliyeigizwa na Dominic Monaghan kumsaidia. Hetty alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye koti la kawaida na akili kali, na kipindi chake kilidumu kuanzia 1996 hadi 1998. Patricia alimpenda waziwazi. Mwaka 1998 Bennett alimwandikia tena katika Talking Heads ya pili, naye akaonyesha kwamba kimya chake hakijapungua nguvu.

Hakuolewa na hakuwa na watoto. Tangu mwaka 2000 aliishi Chichester, mji wenye jumba la michezo alilolifanyia kazi tangu 1969, na wenye kanisa kuu la Kianglikana alilolipenda. Imani ilikuwa sehemu ya maisha yake ya kila siku. Alizunguka nchi akiigiza Admission: One Shilling, kuhusu mpiga piano Dame Myra Hess, aliyeandaa matamasha ya mchana pale National Gallery wakati London ikipigwa mabomu. Mtoto wa Birkenhead aliyelala chini ya duka wakati wa vita hivyo alikuwa na haki kamili ya kuisimulia hadithi ile. Taifa lilimheshimu kwa nishani ya OBE mwaka 1993, CBE mwaka 2004, na cheo cha Dame mwaka 2017.

Sasa tuseme juu ya msiba wa pili. Kundi la kudumu la waigizaji katika mji wa mkoani, lile lililompokea mwaka 1952, karibu limetoweka Uingereza. Televisheni iliwavuta watazamaji, gharama zikapanda, ruzuku zikapungua, na majumba yakaanza kukodi waigizaji kwa mchezo mmojammoja au kupokea michezo inayopita njiani. Liverpool Playhouse yenyewe ililazimika kufunga kwa ukata mwishoni mwa miaka ya 1990 kabla ya kufufuliwa chini ya uongozi mmoja na jirani yake, Everyman. Mwaka 2023 Oldham Coliseum, jumba kongwe la Greater Manchester, lilifunga milango baada ya kupoteza ruzuku, ingawa baadaye kulitolewa ahadi ya kulifungua. Hata vile vichekesho vya televisheni vilivyorekodiwa mbele ya watu waliokaa studioni, ambavyo vilimtaka mwigizaji awe na misuli ya jukwaani, vimebaki vichache.

Watasema vipaji havijakwisha, na ni kweli. Kijana mwenye kipaji leo hana haja ya kusubiri hadi miaka 61. Simu yake inatosha kumfikisha kwa watu milioni. Lakini atajifunza wapi kuigiza malkia, mpishi na mjane ndani ya msimu mmoja? Nani atamlipa aanguke, ainuke, aanguke tena, mbali na macho ya dunia, hadi siku atakapokuwa tayari? Patricia alipewa nafasi ya kushindwa kwa heshima. Maonyesho 7 ya 1976 hayakummaliza, kwa sababu kulikuwa na jukwaa jingine la kurudia. Kipaji kilikuwa chake, lakini majukwaa yale yalijengwa na miji, yakalipiwa na halmashauri na walipa kodi, na kujazwa na wenye maduka, makarani na wafanyakazi wa bandari waliotoa kiingilio kila baada ya wiki chache kwa waigizaji ambao majina yao hayakuwa makubwa bado.

Kwa hiyo wanaomlilia Patricia Routledge Uingereza wana jambo la kufanya zaidi ya kurudia kumtazama Hyacinth. Waingie kwenye jumba la michezo la mji wao, walipe kiingilio, wamtazame yule msichana mwenye mistari mitatu. Wanaogawa ruzuku wakumbuke kwamba kipindi kilichouzwa karibu mara 1,000 kilianza kulipiwa Williamson Square mwaka 1952, miaka 38 kabla hakijarushwa. Mungu amlaze mahali pema mwanamke huyu aliyeifanya kazi ya kuchekesha kwa uzito wote inaostahili. Na majumba yaliyobaki yafunguliwe, kwa sababu hakuna mahali pengine atakapotoka wa kumrithi.